Kiberiti Kilichozimika Mwisho wa Barabara

Baba yangu alikuwa kantonye, mtu wa kusafisha mitaro na kuziba mashimo ya barabara kwa jembe na beleshi. Kipande chake kilikuwa karibu na Kingi, kwenye ile barabara ya zamani inayotoka misitu ya Walikale, inapanda milima ya Masisi na kuishia Sake, kwenye maji ya Ziwa Kivu. Miaka yote ya kazi hiyo hakuwahi kuuona mwisho wake. Kila alipotaka kwenda, mama alimwuliza nani atapalilia maharage. Akafa hajaliona ziwa.

Mwaka huu mama akaniambia nimpeleke. Alitaka kumwashia baba mshumaa pale barabara inapoishia, amwombe radhi. Nilimbeba kwa pikipiki nikinung'unika njia nzima, maana mimi hasira zangu ziko karibu, na mgongo wangu si wa ujana tena.

Tulifika asubuhi, ukungu ungali juu ya maji. Nilitegemea kusikia ndege, vyura, kelele za wanaofua nguo. Hapakuwa na sauti yoyote. Ziwa lilikuwa limetulia kama uji uliopoa. Barabarani kulipita upepo mdogo, na mama akafanya kile ambacho mtu yeyote wa milimani kwetu angefanya: alitafuta shimo la kujikinga. Kwetu upepo ukikuzidi unashuka bondeni, unatua mzigo, unapumzika. Akashuka kwenye kishimo chenye majani mabichi kuliko yote. Mimi nikabaki juu, nikipiga picha ziwa kwa simu.

Njiti ya kwanza ilizimika. Ya pili pia. Kule chini hata jani halikutikisika, lakini moto ulikatika kana kwamba mtu ameubana kwa vidole.

"Papa yako anakatala," mama akasema. "Iko na hasira na mimi."

"Hapana, mama, kiberiti ndiyo iliingia maji. Jaribu tena."

Maneno hayo, jaribu tena, yananiuma mpaka leo.

Akainama zaidi, akawasha ya tatu, nayo ikafa. Hapo nikamwona kunguru amelala ubavu karibu na mguu wake, mbawa safi, bila jeraha. Mbele kidogo alikuwapo mbuzi mdogo, macho wazi. Mwanamke aliyekuwa akipita barabarani na ndoo akapiga yowe: "Mumutoe ule mama! Kule iko mazuku!"

Mazuku ni hewa nzito inayotoka ardhini na kukaa mashimoni. Haina harufu, na inaua. Watu wa Sake wanaijua; sisi wa juu tunasikia habari zake tu. Nikabana pumzi, nikashuka, nikamshika mama kwapani na kumkokota mpaka juu. Magoti yake yalikuwa yamelegea kabisa. Nililia kwa woga, wala sioni haya kusema.

Alipopata nguvu, tukiwa tumeketi kando ya barabara, nikamweleza kwamba hewa ile inazima moto kabla haijamzima mtu. Alinisikiliza kwa upole, jinsi anavyowasikiliza wajukuu wake.

"Nilimunyima ziwa," akasema. "Na yeye amenizimia moto mara tatu ili nitoke kule."

Kati yangu mimi niliye hai na baba aliye kaburini, mmoja ndiye aliyemwambia mama ajaribu tena, na hakuwa baba.