Alifuta jina la marehemu, mjane naye akafutika kwenye database

Wakuu, heshima zenu. Haya niliyaona kwa macho yangu, sikusimuliwa. Na hasira yake bado ninayo mpaka leo.

Miaka ya tisini, soko huria limefunguka, miradi imejaa kila kona. Nilikuwa programmer kwenye mradi mmoja wa kilimo pale Kibiti. Mwenzangu, nimwite Ray, alitoka Dar. Umeme wa jenereta, kompyuta moja, na Microsoft Access, programu ya kutunzia database.

Database yenyewe nyepesi tu. Table ya kwanza ina wakuu wa kaya, hao ndio parent. Ya pili ina wake na watoto wao, hao ni child. Kila child ameshikizwa kwa parent wake.

Mafuriko yalipopita Mohoro, tukaambiwa tugawe mbegu za mpunga. Ray akapewa kazi ya kuwaondoa waliofariki. Kila akifuta mkuu wa kaya, Access inagoma: huyu bado ana watu chini yake.

Mwenye akili angejiuliza, hao watu ni akina nani?

Ray akaweka tiki kwenye cascade delete, akazima na warnings. Access ikaacha kugoma. Baba akifutwa, kaya nzima inaondoka naye.

Siku ya kugawa akaja Bi Mwanahawa, mjane, na wanawe. Tukamtafuta, hayumo.

"Mama, kompyuta haikutambui," Ray akamwambia, hata usoni hamtazami.

"Aliyekufa mume wangu. Mie nimekufa lini?"

Damu ilinichemka, wakuu. Nyuma yake wajane wengine wamesimama juani, wote hawamo!

Nikafungua backup ya kabla ya kufuta, iliyokuwa kwenye floppy. Wote wamo. Nikamfuata mratibu wa mradi.

"Waandikwe awamu ijayo," akasema.

Awamu ijayo! Maji ya kupandia mpunga bondeni yanasubiri awamu?

Nikawarudisha wote, nikaitoa ile cascade. Nikaandika code ya kuidaka error na kusema: "Chagua kwanza mkuu mpya wa kaya."

Ray akaja juu. "Wafadhili wanakuja, unataka waone error?"

"Waione."

Wakaja, wakaiona, wakauliza, nikawaeleza, mratibu akiwa palepale. Mbegu zilizotengwa kwa shamba la mfano zikatolewa, wajane wakapewa. Bi Mwanahawa alipanda kwa kuchelewa, akavuna kiasi. Mavuno kamili hakuyapata.

Mkataba wangu haukuongezwa. Ray akapandishwa cheo. Ndiyo hivyo.

Nilichojifunza: error ya foreign key, kile kiungo cha child na parent wake, haikuonei. Inakwambia kuna mtu anategemea hicho unachokifuta. Idake, isome, mweleze mtumiaji cha kufanya. Ninyi mnaoandika catch tupu, inayoidaka error na kuimeza bila kusema kitu, ili screen ipendeze, mnaniudhi kuliko Ray.

Haya, nani ana Ray ofisini kwake? Mwageni hapa. Wa kumtetea apite kimya.