Kondemu wa Bibi

Mwaka ule nilikuwa darasa la nne la sekondari, na katika ukoo wetu nilikuwa wa kwanza kusomeshwa Kiingereza. Baba, mtu wa reli, alijua Kifaransa cha kutosha kusoma amri za mkuu wa stesheni. Mama alijua Kiswahili na Kiluba. Kiingereza kwetu kilikuwa lugha ya ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, lugha ya madereva wa malori na maandishi ya kwenye magunia ya unga.

Ndivyo nilivyodhani, mpaka siku profesa wetu, ndivyo tulivyomwita mwalimu, alipoandika ubaoni neno la Kiingereza la kitabu na kututamkisha: buku. Nikainua mkono.

"Citoyen professeur, hilo si Kiingereza. Nkambo wangu anasema buku kila siku, na hajawahi kuingia shule."

Darasa zima likacheka. Profesa hakucheka. Alikuwa kijana mrefu mwenye abakosti moja ya kijivu, lile koti la kuvaliwa bila tai, na hakuachana na kamusi nene ya shule aliyoifunika kwa karatasi ya mfuko wa saruji.

"Nkambo wako alikaa wapi?" aliniuliza.

"Upande wa Zambia, wakati ule ikiitwa Rodezia. Mume wake alikuwa anachimba shaba kule."

"Basi nyumba yao imejaa Kiingereza," alisema. "Nenda ukakitafute, uniletee."

Kwetu nkambo ni babu na ni bibi pia. Hapa nitasema babu na bibi ili msomaji asipotee. Walikuwa wazazi wa mama, na walikaa Naviundu, karibu na mto, kwenye nyumba ya matofali mabichi yenye shamba dogo la viazi vitamu na mboga za lenga-lenga. Nilianza kwenda kila Jumamosi na daftari. Bibi aliponiona naandika huku akipika, aliuliza kama ninafanya sensa.

Neno la kwanza lilikuwa tiki. Bibi aliposema "Nipatie tiki ya chumvi," alitaka chumvi kidogo sana, ya kushika kwa vidole viwili. Babu ndiye aliyenieleza kwamba kule walikokuwa tiki ilikuwa sarafu, ndogo kuliko zote alizowahi kupokea. Sarafu yenyewe ilikufa. Udogo wake ukabaki jikoni. Nilipompelekea profesa alipekua kamusi kwa muda mrefu, kisha akaniambia kwa furaha ya ajabu, "Hata wenyewe hawajui walilitoa wapi!"

Neno la pili lilikuwa bulangeti. Hilo kamusi ililijua vizuri. Lilitoka kwenye Kifaransa cha kale, neno lile lile la rangi nyeupe, blanc, kwa sababu hapo mwanzo lilikuwa kitambaa cha sufu nyeupe. Profesa alisimama dirishani akihesabu safari kwa vidole: kutoka kwa Wafaransa kwenda kwa Waingereza, kutoka kwa Waingereza kwa meli mpaka kusini ya Afrika, kutoka kusini kwa treni mpaka kwenye migodi, kutoka migodini mpaka Naviundu. "Na sisi hapa tunasema Kifaransa, na hatukulitambua lilipofika!" alisema.

Nilimweleza bibi. Alikwenda chumbani, akatoa bulangeti lake, akalitazama mbele na nyuma.

"Nyeupe? Hii ilizaliwa nyeusi," alisema.

Basi nikalewa maneno. Kila neno la bibi lililosikika geni nililitafuta kwenye kamusi ya profesa saa ya mapumziko. Na lilikuwepo moja nililolipenda kuliko yote, kwa sababu bibi alilitumia kwa babu tu. Ugali ukiiva alisema: "Kondemu wangu, kuya kula, bukari inapoa!" Au anapomwona amerudi kutoka shambani akihema: "Kondemu wangu, ikala kwanza." Sauti yake ilishuka kidogo kila alipolisema. Mimi nilielewa kwamba ni neno la mapenzi, kama watu wengine wanavyosema chérie.

Profesa alipotupa kazi ya kuandika kwa Kiingereza juu ya mzee wa familia, nilijua nitaandika nini. Nilifungua kamusi, nikashuka na kidole, nikapata neno linalofanana nalo, nikanakili herufi zake. Kengele ilikuwa imelia. Maana yake sikuisoma. Nikaandika kwamba babu yangu anasuka viti, anakohoa asubuhi, hapendi samaki mwenye miiba, na kwamba yeye ndiye condemned wa bibi yangu.

Profesa aliisoma darasani kwa sauti. Alipofika hapo akaliandika neno lile ubaoni. Wanafunzi arobaini waliojua Kifaransa walilitambua mara moja.

"Condamné!" walipiga kelele. "Nkambo wake iko condamné!"

Mimi pia nililitambua, kwa kuchelewa kidogo tu. Mtu aliyehukumiwa. Miaka yote nilisikia neno la jikoni kwa sikio moja na neno la shule kwa sikio lingine, na sikuwahi kuyakutanisha.

Kicheko kingeisha darasani, lakini siku zile watu hawakuchezea neno kama hilo. Kabla ya Ijumaa mama alikuwa ameulizwa bombani, kwa sauti ya chini, baba yake alifungwa kwa kosa gani, na kama lilikuwa la siasa. Alirudi na ndoo nusu.

"Umeandika nini juu ya baba yangu?" aliniuliza. Nilipomweleza akasema, "Kesho utaenda Naviundu. Utamwambia yeye mwenyewe, kwa mudomo yako."

Nilienda. Babu alikuwa uani akisuka kiti, bibi karibu naye akimenya karanga. Nilipiga magoti nikasema yote, hata la bombani. Nilingoja hasira. Babu alimgeukia bibi.

"Umusikie. Batu ya shule banatafuta mpaka banapata."

"Si uongo, nkambo?" niliuliza.

"Si uongo. Sikufungwa. Lakini ile neno banaliandika juu yangu."

Akanieleza polepole, akipumzika katikati ya maneno. Kule mgodini walipigwa picha ya kifua mara kwa mara. Siku moja daktari aliitazama picha yake kwenye mwanga, akaandika neno moja kwenye karatasi, akampa mtu mwingine aipeleke ofisini. Babu hakujua kusoma, lakini umbo la neno lile alilifahamu. Lilikuwa limepakwa kwa rangi nyeupe juu ya toroli zilizovunjika na pampu zilizokufa, zile zilizotupwa nyuma ya karakana. Wachimbaji waliliita kondemu.

"Nilirudi nyumba, nikaikala ku kitanda," alisema. "Nikamwambia huyu: mimi niko kondemu. Miaka makumi mawili na tano niko nayo, na niko kondemu kama pampu."

"Na weye ulisema nini?" nilimuuliza bibi.

Bibi hakuacha karanga zake. "Ndugu zangu banasema nimuache, nirudie kwetu, nitapata bwana mwenye kifua muzuri. Daktari anasema hatamaliza mvua mbili. Mimi nikawaambia: kama bazungu banamutupa, basi haiko tena yabo. Mimi nimemuokota. Iko kondemu wangu."

"Alinicheka," babu alisema. "Mimi nalia, yeye anacheka."

"Nilikuwa naogopa," bibi alisema. "Njo maana nilicheka."

Walipanda treni wakarudi kwetu Katanga na bulangeti, sufuria mbili na mtoto mchanga, ambaye ndiye mama yangu. Kazi ya mgodi hakuipata tena mahali popote. Akajifunza kusuka viti kwa mzee mmoja jirani, akikaa chini kwa sababu kusimama kulimchosha. Siku ile aliponieleza, mtoto mchanga alikuwa na watoto sita, na mimi nilikuwa wa tatu.

Jumatatu nilimsimulia profesa. Aliuliza kama anaweza kuwasalimia, na Jumamosi akaja, abakosti imepigwa pasi, kamusi kwapani. Babu alimpa kiti kipya kabisa, ambacho mteja alikuwa hajakilipia, akamtaka asome kitabu kinasema nini. Profesa alisoma, akitafsiri: kuhukumu, kulaani, kutangaza kwamba kitu hakifai tena kutumiwa.

"Imeisha hapo?" bibi aliuliza.

"Imeisha, mama."

"Basi ile buku haiko kamili. Andika."

Profesa alitoa penseli. Nilifikiri atamcheka, au atamwambia kamusi ni mali ya shule. Aliuliza tu, "Niandike nini, mama?"

Bibi alifikiri, mikono imejaa maganda. Alimtazama babu, ambaye alijifanya anatafuta uzi.

"Andika: bwana ya mutu. Ule mwenye kubakia."

Akaandika pembeni ya ukurasa, kwa herufi ndogo nzuri, kwa Kiswahili hivyo hivyo. Babu aliomba aone. Alishika kamusi mbali na macho, kama mtu anayetazama picha kwenye mwanga, akaweka kidole juu ya penseli, kisha juu ya neno lililopigwa chapa.

"Hii njo ile," alisema. "Hii mupya siijui sura yake."

"Utaijua," bibi alimwambia.

Wiki iliyofuata profesa alinirudishia kazi yangu niiandike upya, na nikaisoma mwenyewe mbele ya darasa. Hakuna aliyecheka, ila rafiki yangu mmoja alilia, akanuna kwa sababu tulimwona. Baadaye wenzangu walianza kuja na maneno ya kwao: motokari ya babu wa mmoja, sheti, yaani shati, ya shangazi wa mwingine, na neno moja la Kibemba ambalo msichana wa nyuma aliapa ni Kiingereza, nalo halikuwa. Tuliligombania mpaka mwisho wa muhula.