Yowe Lililokosa Watu

Mume wangu alikuwa wakili, wa kwanza katika mlima wetu, na mimi niliyeachia shule darasa la tatu ndiye niliyemfulia shati lake jeupe. Nisiseme uongo, nilijivuna. Nikienda soko la Ekerenyo na ndizi zangu kichwani, wanawake walinipisha.

Halafu vikaja vita vya mpakani, sisi na kabila jirani. Miaka ya sitini ilikuwa inaisha. Majirani wa ng'ambo walichukua ng'ombe wetu, vijana wetu wakachoma nyumba zao, wao wakaua. Kwetu yowe likipigwa, kila mwanamume hutoka na mkuki, hata kama tonge liko mdomoni. Asubuhi moja likapigwa. Wanaume wakapita mlangoni mbio. Wangu alikuwa anafunga tai.

Kaka yake mkubwa akasimama uani akamwita. Akajibiwa pole pole kwamba Kenya ni moja, wao na sisi, na sheria ni ile ile.

"Nikishika mkuki leo, kesho nimwambie hakimu nini?"

Akachukua faili zake akaenda korti ya Kisii. Na huko, Mungu wangu, akamtetea mzee wa ng'ambo aliyeshikwa kwa ng'ombe ambao hakuiba, maana hakuna wakili mwingine aliyemtaka. Akashinda. Watu wetu wakaanza kumwita mkwe wa maadui. Mimi nikifika mtoni kuteka maji, maneno yanakatika.

Miezi haikupita mingi, surua ikaingia. Mtoto wetu wa kwanza, msichana, alikuwa na miaka minne. Alikufa saa nne asubuhi mikononi mwangu. Nikatoka nje nikapiga yowe. Kwetu yowe la vita na la kifo ni moja: ukilisikia, unaacha kazi unakuja. Na kaburi huchimbwa na watu wa ukoo, si baba wa mtoto. Nilipiga mpaka koo likapasuka. Niliwaona kule chini kwenye majani chai, wameinama, wanachuma. Hakuna aliyeinua kichwa.

Mume wangu akaenda kwa kaka yake. Alirudi peke yake, akanieleza alivyojibiwa: "Yowe letu hukulisikia. Leo na sisi ni viziwi."

Akavua koti, akachimba na suruali yake ya korti. Mikono yake ilikuwa ya kalamu. Ikatoka malengelenge hata shimo halijafika magotini. Nikamwambia lete jembe, nami nichimbe.

"Hapana, mama. Wewe mshike tu."

Nikamshika.

Mwaka ule mvua ilipokosa, miaka ya sabini, kaka yake akafa. Yowe likapigwa. Mume wangu akachukua jembe lile lile, akafika kabla ya watu wote.

Mimi nilikuwa namenya ndizi. Nikaendelea kumenya.