Sahani Iliyochafuka

Hospitali nzima ilimwita Mama Sahani, na mgeni akilisikia jina hilo alidhani ni msimamizi wa jiko la wagonjwa. Hakuwa mbali sana na ukweli. Mama alikuwa mpishi kweli, ila wateja wake walikuwa bakteria.

Kila asubuhi alipima unga wa agari, ule unaogandisha chakula cha bakteria, akaukoroga na maji kwenye chupa, akaupika kwenye jungu la mvuke. Kisha alisubiri. Chupa ikishapoa kiasi cha kuweza kuigusisha shavuni bila kuruka, ndipo alipotia damu ya kondoo. Ukiwahi, damu inaiva na kugeuka kahawia. Ukichelewa, chakula chote kinaganda ndani ya chupa. Kipimajoto tulikuwa nacho, lakini yeye alisema shavu lake halijawahi kuishiwa betri. Baada ya hapo alimimina kwenye sahani ndogo za plastiki zenye vifuniko, arobaini kwa siku, zote za unene mmoja. Kwenye sahani hizo sisi tulipaka usaha wa wagonjwa, tukaziweka kwenye kabati la joto, na yule mdudu anayemsumbua mgonjwa akaota na kutokeza vidoa. Mchana, sahani zilizokwisha kusomwa zilirudi kwake, akazichemsha. Anawalisha asubuhi, anawapika mchana, tulikuwa tukimtania, mama wa kambo asiye na mfano.

Msomaji wa sahani nilikuwa mimi. Ni mtaalamu wa maabara, tena nina hasira za karibu, wanaonijua wanajua. Nilimpenda Mama Sahani kwa namna yangu ya kumgombeza, naye alinivumilia kwa namna yake ya kuniita mwanangu.

Mume wake ni fundi cherehani, na sote tunamwita Fundi. Siku moja alipanda ngazi kubandika bati la duka lake, ngazi ikateleza, mfupa wa muundi ukavunjika. Daktari wa upasuaji akamwekea kipande cha chuma chenye skrubu. Mfupa uliunga, kidonda kikakataa kufunga. Kwa miezi minane kilikuwa na tabia za mpangaji mbaya: akichomwa sindano za dawa kinanyamaza, wiki ya tatu kimerudi na mizigo yake. Mara mbili tulipima usaha wake, mara mbili hakikuota kitu. Basi daktari akasema wazi mbele ya mke na mume. Atachukua usaha mara ya tatu na ya mwisho. Maabara ikimwambia ni mdudu gani, atapambana naye. Isipomwambia, Alhamisi ya wiki inayofuata ataukata mguu chini ya goti, kabla sumu haijaingia kwenye damu.

Jumatatu nikaupaka usaha huo kwenye sahani. Jumatano nikaisoma. Ilikuwa safi kama ilivyotoka mikononi mwa mpishi wake. Utaratibu wetu ulikuwa siku mbili: zikipita bila kitu, unaandika "hakuna kilichoota" na sahani inaenda kwenye ndoo ya kuchemshwa. Nikaandika. Mama nilimwambia nikiwa nimempa mgongo, nanawa mikono. Nilinawa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Yeye aliitikia tu, "Haya, mwanangu," akachukua ndoo yake akaondoka.

Jumatatu iliyofuata alinijia mezani asubuhi kabla hajavaa koti, ameshika kitu kilichofunikwa kwa kitambaa.

"Mwanangu, nimefanya kosa," alisema. "Tena si moja. Ni mawili."

"Makosa gani asubuhi yote hii, Mama?"

Akafunua kitambaa. Ilikuwa sahani ya Fundi.

"Hii ulinipa nichemshe. Sikuichemsha. Nilishindwa. Mguu nauosha mimi kila siku, nauona unavyotoa usaha, halafu sahani inasema hakuna kitu. Nikajiuliza, mwongo hapa ni nani? Nikairudisha kwenye kabati la joto, nyuma kabisa, nyuma ya zile chupa tusizozitumia."

"Na kosa la pili?"

Hapo sauti ilimshuka. "Kila siku niliichungulia. Kifuniko kilikuwa na ukungu wa maji, sioni vizuri. Ijumaa nikakifungua, nikakipangusa kwa pindo la koti."

Lazima nieleze, maana mtu wa nje ataona hilo si lolote. Kufungua sahani ya mgonjwa na kuifuta kwa nguo ni sawa na daktari kutemea mate kidonda. Mama mwenyewe ndiye aliyewafundisha wafanyakazi wote wapya wasithubutu. Miaka ishirini na sita hakuwahi kuchafua sahani hata moja. Na kweli, katikati ya sahani ya mumewe lilikuwa limeota doa moja nene, jeupe, limenawiri: bakteria wa kawaida wa ngozi, waliotoka kwenye pindo la koti lake.

Nilipandwa na hasira. Nilimwambia mambo ambayo sitayaandika hapa. Nilimwambia umeiba kipimo, umekichafua, na mimi ndiye nitakayeulizwa. Huku nasema, mkono wangu tayari ulikuwa juu ya ndoo ya dawa, na sahani imo mkononi.

"Gomba, mwanangu, ni haki yako," alisema. "Ila angalia kwanza, ndipo ugombe vizuri."

"Niangalie nini? Uchafu?"

"Pembeni ya uchafu."

Niliipeleka sahani kwenye mwanga wa dirisha. Kulizunguka lile doa jeupe palikuwa na vumbi. Vitone vidogo mno, vya kijivu, vimejipanga kama watoto waliolizunguka sufuria. Mbali na doa hapakuwa na hata kimoja. Nikaweka lenzi, nikahesabu mpaka thelathini nikaacha.

Nilifahamu nilichokuwa nakiona, na aibu ikanishika hapohapo. Sisi tulifundishwa zamani kwamba bakteria ni kiumbe cha upweke: mpe chakula na joto, ataongezeka, asipoongezeka, hayupo. Miaka ya karibuni watafiti wameona mengine kabisa. Bakteria hupelekeana habari kwa kemikali, wakajua wako wangapi. Wakifika kwenye kitu kama chuma ndani ya mwili hutengeneza ute, wakakaa chini yake kama ndani ya nyumba. Na wapo miongoni mwao wanaopunguza maisha yao mpaka karibu na usingizi. Hawali sana, hawakui sana, hivyo dawa nyingi huwapita bila kuwaona. Baadhi ya hao hupoteza hata uwezo wa kujitengenezea virutubisho fulani, wakawa wanaishi kwa kile anachomwaga jirani. Mtenge peke yake kwenye sahani, atakaa kimya. Mpe jirani, ataamka. Hayo yote nilikuwa nimeyasoma. Makala yenyewe ilikuwa kwenye droo yangu, nimeipigia mistari kwa wino mwekundu. Lakini mkono ulikuwa umezoea siku mbili, na mazoea yana taabu.

Nilimweleza Mama kwa maneno machache kuliko haya. Alisikiliza kwa makini, kisha akatikisa kichwa. "Kumbe hata wao, kidole kimoja hakivunji chawa."

Nikamwambia asifurahi bado. Sahani iliyochafuka si ushahidi. Vitone vile huenda navyo vilitoka kwenye koti. Ilibidi nivihamishe kwenye sahani mpya, vingine peke yake, vingine kando ya jirani, yaani wale bakteria weupe wa ngozi, na nichukue usaha mpya kwa Fundi nifanye vilevile. Na vilikuwa vya polepole. Siku tatu, pengine zaidi. Ilikuwa Jumatatu, na mguu ulikuwa wa Alhamisi.

Nilipanda ngazi kwenda kwa daktari wa upasuaji. Njiani nilitunga njia nne za kumweleza bila kujitaja, zote nikaziacha, maana mficha uchi hazai. Nikamwambia: jibu langu la Jumatano halikuwa sahihi, niliitupa sahani mapema, aliyeiokoa ni mpishi wetu. Daktari akasema Alhamisi saa nne asubuhi atapita mwenyewe maabara. Akikuta kitu, sawa. Asipokuta, hataahirisha tena, kwa sababu homa ya mgonjwa imeanza kupanda.

Siku hizo tatu Mama Sahani alipika kama kawaida, arobaini kila asubuhi, shavu kwenye chupa. Kabati la joto hakulisogelea. Akitaka kupita kwenda kwenye sinki alizungukia upande wa pili wa meza. Jumatano mchana nilimkuta amekaa kwenye kigoda chake mikono mapajani, nikamwuliza kama ana njaa.

"Nawaombea," alisema.

"Nani, Fundi na daktari?"

"Hao wadudu. Waote tu, mwanangu. Miaka yote hii nimewalisha, sijawahi kuwaomba kitu."

Nilicheka, na nikiwa nacheka nikaona kwamba nalia. Tulikaa hivyo kidogo, yeye kwenye kigoda, mimi kwenye ndoo iliyopinduliwa, mpaka mtu akaja kuuliza majibu ya mkojo.

Alhamisi nilifungua kabati saa moja asubuhi. Sahani ya vitone vilivyokaa peke yake: tupu. Sahani ya vitone na jirani: vumbi la kijivu pembeni yake. Sahani ya usaha mpya na jirani, usaha niliouchukua kwa mikono yangu na ambao pindo la koti halikuugusa: vumbi lilelile. Nilikagua kwa hadubini, nikapima, nikakagua tena. Daktari alipokuja saa nne nilikuwa nimeshamwandikia jina la mdudu, dawa zinazompita na dawa mbili zinazomfikia. Alisoma karatasi akiwa amesimama. Akasema mguu haukatwi leo wala kesho. Atakitoa kile chuma, kwa kuwa mfupa umeshaunga na chuma ndicho nyumba ya wadudu, atasafisha, kisha Fundi atakula dawa mbili pamoja kwa miezi mitatu. Huenda goti likabaki gumu kidogo. "Lakini mguu ni wake," alisema.

Mama Sahani alikuwa mlangoni, amesikia yote. Hakupiga kelele, hakuanguka. Aliniuliza tu kama tuna mkasi mdogo. Nikampa ule wa kukatia bandeji, nikamfuata wodini, maana nilihofia hali yake.

Fundi alikuwa ameshaandaliwa kwa upasuaji, amevaa gauni la hospitali, uso ameugeuzia ukutani. Mkewe alimwambia kwa maneno mawili. Yeye alifumba macho. Mama akavuta kiti upande wa miguuni, akafunua shuka, akaupakata ule mguu mbovu mapajani mwake. Hapo ndipo nilipoona. Kucha za mguu mzima zilikuwa fupi, zimekatwa vizuri. Za mguu huu zilikuwa ndefu, zimeanza kujikunja.

"Nilikuwa nimeziacha," aliniambia bila kuinua uso. "Tangu daktari alipogusia kukata mara ya kwanza, miezi minne iliyopita. Kila nikishika mkasi naona kama namuaga."

Akaanza na kidole gumba. Fundi akafungua jicho moja.

"Taratibu, mke wangu," alisema, sauti imemkauka. "Daktari kauacha, usije ukaumaliza wewe."

"Nyamaza, tulia," alisema Mama Sahani, akaendelea na kidole cha pili.