Shingo na Moyo wa Ayeyo

Mwanangu, usicheke. Hujazaliwa, nami niko kidato cha tatu tu, hata kuandika neno "mwanangu" kunanitia haya. Lakini nasaha nimeshaipata, nakuwekea hapa.

Ninayoikumbuka ni siku niliyompeleka ayeyo, yaani nyanya yangu, hospitali hapa Garissa. Shingo ilikuwa imemvimba, amechoka, kutwa analala. Kiswahili hajui, kwa hivyo mkalimani nikawa mimi, mimi ambaye darasani hata kujibu "nipo" naona tabu. Daktari, kijana wa kutoka bara, akamwandikia dawa ya tezi ya shingo, kisha akauliza, "Kuna dawa nyingine anatumia?"

Ayeyo akajibu kwa Kisomali, "Mwambie hakuna. Mimi nimeleta shingo. Moyo wangu una daktari wake Wajir."

Nilivijua vidonge vyake vya moyo, vile vya kuzuia damu isigande. Lakini utampingaje ayeyo mbele ya mgeni? Nikatazama ndala zangu. "Anasema hakuna."

Husemwa penye wazee haliharibiki neno. Hili nusura liharibike. Ayeyo alipata nguvu kweli, akaanza tena kugombana na mbuzi. Ila baada ya wiki chache, kila akipiga mswaki ule wa mti, unatoka na damu, na mkononi zikamtokea alama nyeusi bila kugongwa popote. "Mti mkavu huu," akasema. Mimi nikakumbuka vidonge vile tulivyomficha daktari.

Tuliporudi kliniki nilisema kabla sijaulizwa. "Daktari, siku ile nilikuficha. Ana dawa ya kuzuia damu isigande."

"Wallahi?" akasema, mtu wa bara yule, mpaka nikacheka kwa woga.

Akampima damu. Akaeleza kwamba dawa ya tezi huiongezea nguvu ile ya damu; zote mbili anazihitaji, ila lazima zipimwe kwa pamoja. Ile ya damu akaipunguza.

Nilipomtafsiria ayeyo, akanikazia macho. "Kumbe una ulimi!" Kisha akacheka mpaka mtandio ukamteleza. "Siku ile uliniheshimu. Heshima ile ingenizika."

Sasa fizi zimepona, naye anawatangazia majirani eti mjukuu wake ni daktari.

Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua, na anayemfichia mzee wake ni mwenzake. Ukimpeleka hospitali, taja kila kidonge, hata akikufinya. Allah akujaalie wazee wa kukukaripia miaka mingi.