Gari la Baba Katika Televisheni ya Mwalimu

Juzijuzi wenzangu wa kazini walinipeleka mahali pa kucheza gemu hapa Kitengela, ghorofani, juu ya duka la vipuri. Usicheke, rafiki yangu. Sisi ni watu wazima, wengine wetu tuna watoto wa sekondari, lakini Ijumaa jioni kuna wanaokimbilia hapo kabla hata hawajapiga simu nyumbani. Nilipewa padi, ile ya kushika kwa mikono miwili yenye vitufe, nikachagua gari, nikaanza kuliendesha. Mhasibu wetu, anayejiona bingwa, akaacha kuangalia gari lake akaanza kuangalia langu.

"Madam, nani alikufundisha hii kitu?"

"Baba yangu."

Wakacheka wote. Baba zao walikuwa wale wa kuwatoa kwenye gemu kwa mshipi. Sikuwaeleza zaidi, kwa sababu hadithi yenyewe haikuwa ya kusimulia kwa kelele ile. Lakini wewe nitakueleza, maana tangu siku hiyo haijanitoka.

Tulikuwa tukiishi Noonkopir, kwenye ploti ya nyumba za mabati zilizotazamana, kamba za nguo zikipita katikati. Siku hizo ukienda nyuma ya ploti hukuona ukuta wa mtu. Uliona mbuga tu, na wakati wa ukame nyumbu walisogea karibu hata ukasikia wakiguna. Asubuhi tuliamshwa na punda wa maji, mapipa yakigongana kwenye mkokoteni, na kufikia hapo Cucu, mama yake Baba, alikuwa ameshainjika githeri, mahindi na maharagwe pamoja. Kazi zangu zilikuwa kutoa mawe kwenye maharagwe na kusugua sufuria kwa jivu mpaka nijione uso.

Baba alikuwa dereva wa lori. Alipeleka saruji na mabati upande wa Magadi, na kila aliporudi alimletea Cucu magadi yamefungwa kwenye gazeti, ya kulainishia maharagwe. Nilijua amefika kwa harufu ya dizeli kabla sijasikia sauti yake.

Kisha siku moja alirudi kwa miguu, shati limechanika begani. Lori lilikuwa limekosa breki kwenye mteremko wa Kona Baridi, njia ya Magadi, likiwa limejaa saruji. Yeye alitoka na mikwaruzo tu. Tanboi wake, yule msaidizi aliyesafiri naye miaka yote, alivunjika mguu vibaya. Hayo niliyasikia kwa Mama akimweleza jirani.

Tajiri wa lori alimwambia apumzike kidogo kisha arudi. Kidogo hiyo ikawa ndefu. Baba hakutaka tena kushika usukani, na hata kupanda gari kama abiria hakutaka. Jumapili sisi tulipanda gari kwenda kanisani, yeye akaja kwa miguu nyuma yetu, viatu vimejaa vumbi, akaketi benchi la mwisho. Mchana alishinda nyumbani. Alitengeneza kibanda cha kuku, akakibomoa, akakitengeneza tena. Mimi nilikuwa na maswali tele. Cucu aliniona nikiyatafuna mdomoni, akaniambia, "Wewe mwache. Mtu huulizwa akishashiba."

Nyumba iliyopakana na yetu ilikuwa ya Mwalimu. Alitoka Kakamega, mkewe na watoto walibaki huko kwao, na yeye alipanga hapa peke yake karibu na shule aliyofundisha. Likizo moja ndugu yake aliyefanya kazi ng'ambo alipita, akamwachia mashine ya gemu. Mwalimu aliiunganisha kwenye televisheni yake, akaiwekea kitambaa cha kufuma juu kama redio ya heshima, na kuanzia hapo Jumamosi za ploti yetu zikabadilika.

Nguo zikishaanikwa na chakula cha mchana kikishaliwa, wanaume walikuja mmoja mmoja, wakijifanya wamepita tu. Alikuja mwenye bucha na aproni yake. Alikuja mzee wa mbuzi, Mmasai aliyenunua mifugo na kuipeleka sokoni kwa pikapu yake. Alisimama mlangoni akisalimia kwa Kimaasai, "Sopa!" na nyumba nzima ikamjibu "Epa!" Walivua makoti wakayakunja vizuri, wakashika padi kama watu wanaoshika kifaranga, kisha wakaanza kufokeana juu ya mpira uliochezwa na watu wasiokuwepo.

Sisi watoto tuliruhusiwa kuangalia, mradi tusiguse. Mimi nilitaka kujua kila kitu. Nilizunguka nyuma ya televisheni kutazama wachezaji wanapoingilia. Nilimuuliza Mwalimu wanalala wapi stima ikipotea. Akanijibu kwa uzito, kama tuko darasani, "Hapo ndani hakuna watu. Ni hesabu. Ukibonyeza, hesabu inajibu." Kwa muda mrefu baada ya hapo niliogopa jedwali la kuzidisha, nikidhani siku moja litasimama likimbie. Mzee wa mbuzi naye alikuwa na swali lake. "Majani yote hii, na hakuna ng'ombe hata moja? Nani anakula?"

Baba hakuja. Alikaa nje kwenye kigoda akichonga mpini wa jembe, na shamba lenyewe hatukuwa nalo. Jumamosi moja Mwalimu aliweka gemu nyingine, ya magari. Injini zilipoanza kunguruma, kisu cha Baba kilisimama. Alisikiliza. Halafu akainuka, akaja mpaka mlangoni, akasimama hapo akikunja uso.

"Huyo anabadilisha gia amechelewa," akasema.

Hakuna aliyeshangaa, au kama walishangaa walijua kuficha. Mwenye bucha alisogea kwenye kochi. Mwalimu akampa padi bila kumtazama. Baba aliigeuzageuza.

"Hii iko na breki?"

"Iko. Hapa chini ya kidole."

Aliibonyeza ile breki mara nyingi kabla hajaondoka popote. Kisha akaendesha, na sijaona mtu akiendesha gari la gemu vile. Wenzake walipaa kwenye kona, wakagongana, wakapinduka huku wakicheka. Baba alishika upande wake wa kushoto. Kwenye kona alipunguza. Akawa wa mwisho, na Jumamosi iliyofuata akawa wa mwisho tena.

"Dereva," mzee wa mbuzi akamwambia, "watu wamekupita, wamezunguka, sasa wanakupita tena."

"Wacha wapite. Mimi niko na mzigo."

Wakacheka mpaka mwenye bucha akajipangusa machozi na aproni. Baba naye alicheka. Mama alikuwa nje akianua nguo, nami nilimwona akisimama na shuka mikononi, amegeuzia uso mlango wa Mwalimu, anasikiliza.

Lakini niliona jambo jingine, kwa kuwa nilikuwa nimekaa sakafuni karibu na miguu yake. Barabara moja katika gemu ile ilipanda mlima kisha ikateremka kwa kona kali, upande mmoja ukuta wa mwamba, upande mwingine bonde. Kila walipoichagua, Baba alipanda mpaka kileleni, akasimamisha gari, akampa mtu padi. "Malizia," alisema, akatoka nje kunywa maji. Walimalizia. Hawakumuuliza.

Muhula uliofuata niliugua matubwitubwi, mashavu yakajaa kama mandazi, nikabaki nyumbani. Mama alikuwa sokoni na mboga zake, Cucu akiota jua. Mwalimu alikuwa ameacha ufunguo kwetu kama kawaida. Baba aliuchukua, akaniangalia, akasema, "Njoo." Tukaingia nyumba ile, kimya, ikinuka mafuta ya taa na vitabu. Akawasha mashine, akachagua barabara ya mlima.

Safari hii hakusimama kileleni. Aliteremka. Kona ya kwanza akapita, ya pili gari likamponyoka likaingia bondeni. Mashine ikalirudisha barabarani, jipya, bila hata alama. Baba akalitazama sana.

"Umeona? Inarudisha gari."

Akajaribu tena. Mara hii alielekea ukutani. Mara nyingine bondeni kwa makusudi. Mara nyingine alijaribu kunyoosha katikati mpaka mwisho. Nilianza kuelewa kwamba hachezi, kuna kitu anatafuta. Na kwa vile ukubwa wa mashavu yangu ulinipa ujasiri wa mgonjwa, nikamuuliza.

"Baba, Kona Baridi uligeuza wapi?"

Hakuondoa macho kwenye televisheni. Alinieleza akiwa anaendesha, sentensi moja kwa kila kona. Kwamba breki iliingia mpaka chini kama kukanyaga uji. Kwamba mbele, upande wa bonde, kulikuwa na kina mama wamepanga asali na mahindi ya kuchoma. Kwamba upande wa mwamba alikaa tanboi. Kwamba tanboi alisema neno moja tu, "Huku," akionyesha upande wake mwenyewe.

"Na ukageuza huko."

"Nikageuza huko."

Gari likagonga mwamba, likarudishwa. Nilifikiri sana kwa kichwa changu cha mtoto.

"Lakini Baba, hii si Kona Baridi. Hii ni hesabu tu. Mwalimu alisema."

Baba akaanza kucheka, kicheko kilichomtikisa mabega, na kilipoisha macho yake yalikuwa mekundu. Akazima mashine. Akaifunika kwa kitambaa, akakinyoosha pembe zote. "Ni kweli," akasema. "Hapa hesabu haiwezi kunijibu."

Jumamosi iliyofuata hakwenda kwa Mwalimu. Alimwendea mzee wa mbuzi, aliyekuwa akijiandaa kwenda kununua mifugo upande wa Kona Baridi, akamwomba lifti. Tulikaa watatu mbele kwenye pikapu, mimi katikati. Baba alishika mlango njia nzima. Mzee wa mbuzi aliimba polepole kwa Kimaasai, na kwenye mteremko akaendesha kwa upole ambao sikuwahi kumwona nao hata kwenye gemu. Upepo wa pale Kona Baridi unaujua, ule unaoingia hata kwenye masikio. Baba hakugeuka kutazama mwamba.

Tanboi alikaa chini ya mteremko, kwao. Alikuja kutulaki akitembea kwa fimbo, mguu mmoja mgumu kama mwiko. Mkewe akatupa chai ya maziwa yenye harufu ya kibuyu. Wanaume wale wawili walikunywa wakitazama vikombe vyao.

"Dereva, umechelewa," tanboi akasema.

"Niliogopa kukuona huo mguu."

"Basi uangalie. Ndio huu." Akaunyoosha mbele, akaupiga kwa fimbo. "Nilikwambia huku, ukaenda huku. Dereva mwingine angejiokoa yeye kwanza. Wale mama bado wanauza asali pale. Umewaona?"

"Sikuangalia."

"Ukirudi, angalia."

Baba aliweka kikombe chini, akainama, akafunika uso kwa kofia. Tanboi aliuweka mkono wake kwenye shingo ya Baba na kuuacha hapo. Mimi nilitolewa nje nikaone wana-mbuzi.

Tulipokuwa tayari kuondoka, pikapu ilikuwa imejaa mbuzi wanaolia. Mzee wa mbuzi alisema kuna mmoja mkaidi, lazima mtu mzima akae nyuma amshike pembe, na mtu huyo atakuwa yeye. Akampa Baba ufunguo, akapanda nyuma. Baba alikaa kwenye usukani bila kuwasha, muda wa kutosha mbuzi wanyamaze. Kisha akawasha. Tukapanda Kona Baridi kwa gia ya chini, magari yakitupita yakipiga honi, na pale juu, kwenye meza za asali, Baba akasimama kabisa kando ya barabara. Akashuka. Akawasalimia wale kina mama mmoja baada ya mwingine kwa mkono, na wao wakamshangaa mteja huyu anayesalimia hivyo na hanunui kitu.

Malori hakuyarudia. Alipata kazi ya kuendesha basi la shule, akaifanya mpaka akastaafu. Sasa anakaa upande wa Kajiado na kondoo wake, na Jumapili iliyopita, baada ya ile Ijumaa yangu ya ghorofani, nilikwenda kumwona. Nilimuuliza kama mashine ya Mwalimu ndiyo iliyomrudisha barabarani.

"Ile barabara sikuiweza hata siku moja," akasema. "Lakini pale ndani nilikaa na wanaume, tunapiga kelele, na hakuna mtu aliniuliza kitu. Nyumbani pia mlikuwa hamniulizi, lakini mlikuwa mnanitazama."

Mwalimu alihamishwa akarudi kwao magharibi, mashine ameifungia ndani ya godoro. Mzee wa mbuzi tulimzika. Ploti ilibomolewa, pana ghorofa lenye lifti, na nyumbu hata ukipanda juu kabisa huwaoni. Cucu naye hayupo, na siku hizi maharagwe nayanunua yameshachemshwa. Mimi bado nacheza, na gemu za sasa ni nzuri ajabu, barabara zake zina mpaka mvua. Bado natamani kujua vitu vinafanya kazi vipi, na kuna kimoja sijakielewa. Wanaume wale hawakuwahi kukaa kikao kumjadili Baba. Hakuna aliyewapanga. Walijuaje? Nawaona Jumamosi baada ya chakula, makoti yamekunjwa, padi ziko mikononi, injini zinanguruma kwenye televisheni, na gari la nne limesimama peke yake bila mtu. Mwenye bucha ana haraka ya kuanza. Na Mwalimu anachungulia mlangoni, anaangalia upande wa kwetu, anasema, "Ngojeni kwanza. Dereva hajafika."