Sauti ya Elimringi Mtaa wa Kongo

Nakaanga vitumbua kona ya Mtaa wa Kongo tangu alfajiri, na Jumapili, moshi ukishaniingia machoni, huwa sijui kama nimelala au niko macho. Kariakoo bado haijachangamka. Sauti zinakuja mojamoja: mlango wa chuma, ufagio, mkokoteni mtupu. Kisha inakuja ya Elimringi, ndipo najua kumekucha.

"Kushoto kidogo, Mzee Athanas. Mama Nakundwa, kuna dimbwi. Njooni, njooni."

Nyuma yake wanakuja watu watano wasioona, kila mmoja mkono begani kwa mwenzake, wanatoka Ilala wanaenda kanisani. Mzee Athanas ndiye wa kwanza, na fimbo yake nyeupe. Elimringi hawashiki. Aliwahi kuleta kamba, Mzee Athanas akamwambia yeye si mbuzi wa mnadani. Basi anatangulia hatua nne, anaita, nao wanaifuata sauti. Miaka tisa hajajikwaa mtu mbele yangu.

Siku nyingine za wiki sauti hiyohiyo ilikuwa inauza mashati ya mitumba. Mimi Mwislamu, ya kanisani siyajui sana, lakini kumtania nilipenda.

"Elimringi, kondoo wako hawa hawana hata sufu. Unafaidi nini?"

"Wananiimbia, dada Swaumu," anacheka.

Mwaka huu koo likaanza kumsumbua, akapasuliwa. Daktari akamwambia akae kimya wiki sita, hata kunong'ona asinong'one. Akipiga kelele mara moja tu, sauti haitarudi. Kabla ya kupasuliwa alikuwa amejirekodi kwenye spika, kama wafanyavyo wamachinga wote siku hizi: "Njooni, njooni jamani, mashati mazuri, njooni!" Shaibu, mwenzake wa meza, akawa anaiwasha. Niliona ajabu, mtu amekaa kimya juu ya ndoo na sauti yake inaelea juu ya vichwa vya watu. Jumapili akawa anawaongoza wale watano kwa vikombe viwili vya kahawa, anavigonganisha kama muuza kahawa.

Wiki ya tano mvua haikukatika. Bonde la Jangwani lilijaa maji, na mtaani kwetu mafundi walikuwa wamefukua mtaro wakauacha wazi, maji yamefika ukingoni, yametulia, rangi ya chai ya maziwa. Usiyejua ungedhani ni dimbwi tu. Jumapili hiyo Elimringi alitangulia kuvuka barabara aangalie njia, na lori refu likapita polepole kati yake na wenzake. Akabaki ng'ambo, anagonga vikombe. Wazee wakasubiri kwenye manyunyu, nami nawatazama kupitia moshi, nimetulia kama mtu anayeota.

Shaibu, ambaye Jumapili humshikia meza, akaona amfanyie wema mwenzake, auze mapema. Akawasha spika.

"Njooni, njooni jamani!"

Uso wa Mzee Athanas ukang'aa. "Amepona!" akawaambia wenzake. "Mnamsikia? Amepona!" Akageuka kuelekea kwenye sauti, na mstari mzima ukageuka naye. Kati yao na spika ulikuwa mtaro.

Nilitaka kupiga ukelele. Nasema ukweli, kinywa kilifunguka na hakikutoka kitu, na naona aibu mpaka leo. Vikombe viligongwa, vikagongwa, kimoja kikapasuka. Lori lilikuwa bado linapita. Kwa juu ya tela lake tupu nikamwona Elimringi kule ng'ambo anagusa koo lake kwa vidole, taratibu, kama anayeaga.

Kisha akaita.

"Athanas! Simama! Nakundwa! Beno! Simameni!"

Haikuwa sauti niliyoijua. Ilikwaruza, na kwenye neno la mwisho ikakatika. Spika nayo iliendelea, safi na tamu: njooni, njooni.

Mzee Athanas alisimama. Fimbo yake ilikuwa imeshazama majini.

Nilimkimbilia Shaibu kwanza, nikamtukana matusi nisiyoweza kuyaandika, nikazima spika mwenyewe. Maskini, alikuwa analia. Ndipo nikaenda kumshika mkono Mzee Athanas.

"Mzee wangu, umejuaje? Ya kwenye spika ndiyo sauti yake. Ile nyingine hata mimi sikuitambua."

"Ya kwenye spika hainijui, binti yangu. Hii imeniita jina." Akaichomoa fimbo yake majini. "Kanisani tunaimba kila Jumapili, mchungaji mwema anawaita kondoo wake kwa majina, tena anawafia. Nilikuwa naimba tu."

Sauti ya Elimringi haikurudi. Hospitali walimwambia waziwazi, naye akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye ndoo yake.

Jumapili iliyofuata alitokea kwenye kona yangu na kikombe kipya, na wale watano nyuma yake. Alipofika penye mtaro akasimama. Nilimwona akifungua kinywa kwa mazoea, akakifunga, akainamisha kichwa. Nilidhani leo atashindwa kuendelea.

"Elimringi," akasema Mzee Athanas.

"Elimringi," akasema Mama Nakundwa nyuma yake, kisha Beno, kisha wale wawili wa mwisho, mmojammoja, bila haraka.

Vitumbua vyangu vilikuwa vinaungua. Niliviacha. Safari hii sauti ilinitoka, nikamwita na mimi. Akainua kichwa, akagonganisha vikombe vyake, wakaanza kuvuka barabara.